Ndugu yako akichafuliwa jina mtandaoni

Mjini Unguja, mtaalamu wa kompyuta huishi kwa kuaminiwa. Hoteli ya Shangani humpa nywila zake, duka la Darajani humwachia hesabu zote. Akizushiwa mtandaoni kuwa ni mwizi wa taarifa, uvumi hufika barazani kabla yeye hajarudi nyumbani, na wateja hupungua bila kuaga.

Yaliyomkuta Brian Krebs wa Marekani yana funzo. Mwandishi huyu anayechunguza uhalifu wa kompyuta aliwafichua wezi wengi wa kadi za benki. Mwaka 2013, Sergey Vovnenko wa Ukraine aliwachangisha wenzake, wakanunua heroini na kuituma kwa posta nyumbani kwa Krebs. Mtu angejifanya jirani na kuwapigia polisi simu, ili wamkute nayo. Mkewe naye aliletewa maua yenye ujumbe wa vitisho.

Krebs alikuwa amekwisha kuuona mpango huo. Alihifadhi maandishi yao na kutoa taarifa polisi kabla kifurushi hakijafika, hivyo njama ikavunjika. Vovnenko alikamatwa Italia mwaka 2014. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 41 kwa makosa ya wizi wa mtandaoni.

Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika pia Zanzibar, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Kwa hiyo, maneno hayo yapigwe picha kabla hayajafutwa, tarehe na jina la akaunti vionekane. Asijibu kwa hasira. Aende polisi mapema, na wateja awaeleze mwenyewe.

Nyumbani nako kuna kazi. Anayechafuliwa jina huweza kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula na kujitenga. Msimwambie, "Achana nayo, ni mtandao tu." Usiku simu yake ikae kwa mwengine, na chakula mle pamoja. Hali ikipita wiki mbili, aonane na daktari. Akisema hataki kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Majirani wakiuliza, wa kwanza kuulizwa ni mke, mume au mama. Waujue ukweli mapema, wausimamie.