Taa ya injini imewaka? Usikimbilie kuagiza spea

Vitz ya zamani imeegeshwa gereji Mtwara mjini, taa ya injini inawaka. Fundi anachomeka mashine, inasoma P0135. "Sensa ya oksijeni imekufa, agiza Dar." Hapo ndipo hela inapoanza kupotea.

Mashine haikwambii ununue spea gani. P0135 maana yake kuna hitilafu kwenye umeme unaopasha joto sensa hiyo. Inaweza kuwa sensa kweli, lakini pia fyuzi imeungua, waya umekatika au soketi imeshika kutu. Kwa gari linalolala Mikindani au linaloenda Msimbati kila wiki, chumvi ya bahari ndiyo ya kushukiwa kwanza. Na soketi husafishwa kwa dakika chache tu.

Mwambie fundi apime kwa mita: fyuzi, waya, halafu sensa. Kubalianeni bei ya kupima peke yake, na umlipe hata jibu likiwa "fyuzi tu". Fundi asiyelipwa kwa kupima ataitafuta hela yake kwenye spea.

Ukiagiza kitu kisicho chenyewe, Gerezani, Kariakoo iko zaidi ya kilomita 500. Dereva teksi atasubiri kifurushi cha pili kwenye basi huku bosi anataka hesabu yake.

Na taa ikizimika, uliza kilichotengenezwa ni nini, na uonyeshwe. Kwenye magari mengi, kuchomoa betri tu kunaizima. Itawaka tena ukiwa njiani kwenda Lindi.