Reli ya Katanga (2): Injini ya kupanga mabehewa

Juma lililopita tuliiacha reli ikiingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Wasimulizi wengi huishia hapo. Kwangu mimi kazi yenyewe ndiyo inaanzia hapo, kwa sababu treni ikishafika lazima itawanywe. Behewa la koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, kutoka migodi ya Wankie liende kwenye tanuru, la mawe ya shaba ya mgodi wa Étoile lifuate, na matupu yarudi yalikotoka. Tanuru la kampuni ya madini ya Union Minière, lililotoa shaba yake ya kwanza tarehe 30 Juni 1911, halikuwa jiko la kuzima jioni na kuwasha asubuhi. Koki ikichelewa, kilichoyeyuka huanza kuganda humo ndani.

Injini ya safari ndefu haiiwezi kazi hii vizuri. Nyuma yake inaburuta tenda, yaani gari la maji na makaa, na dereva akirudi kinyumenyume haoni vizuri aendako. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 19 waliondoa tenda. Maji wakayaweka kwenye matangi ubavuni mwa boila au juu ya mgongo wake, makaa nyuma ya dereva. Magurudumu wakayafanya madogo, wakayaunganisha yote kwa fito za chuma ili yavute pamoja. Uzito wote ukakandamiza magurudumu yanayovuta, na ufupi wake ukairuhusu injini kupita kwenye kona kali za viwandani. Hasara yake ni kwamba maji yakipungua uzito nao unapungua, na magurudumu huanza kuteleza kwenye reli yenye unyevu.

Lakini kilichoifanya injini hii iwe bora ni ule uwezo wa kugeuza mwendo. Injini ya kupanga mabehewa huenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima. Katika injini za mwanzo, dereva aliyetaka kurudi nyuma alilazimika kuzitoa kulabu za vyuma mahali pamoja na kuzinasa pengine, na mara nyingi zilikataa. Mwaka 1842, katika karakana ya Robert Stephenson huko Newcastle, kulipatikana kipande cha chuma kilichopinda, chenye mfereji ambamo kipande kingine huteleza. Dereva akisukuma mkono wa chuma, mvuke huingia kwanza upande mmoja wa pistoni. Akiuvuta, huingia upande wa pili. Akiuacha katikati, injini haina nguvu ya kwenda kokote. Na akiusogeza kidogo kutoka mwisho kuelekea katikati, mvuke hukatwa mapema, na makaa yanaokolewa.

Miaka miwili baadaye Mbelgiji Egide Walschaerts, msimamizi wa karakana ya reli mjini Brussels, alibuni mtambo wake wa kugeuza mwendo. Hati ya ubunifu iliombwa kwa niaba yake na mhandisi Fischer. Nchini kwake haukupokewa haraka, jambo linalonisikitisha kila ninapolisoma, lakini baadaye ulienea dunia nzima. Ubora wake ni kwamba unaweza kufungwa nje ya magurudumu. Reli ya Katanga ina upana wa milimita 1067 tu, kwa hiyo nafasi ya katikati ni finyu. Mtambo ukiwa nje, fundi husimama pembeni akautia mafuta na kuukagua, bila kujipenyeza chini ya injini yenye moto.

Tusimsahau mtu wa chini, yule anayeunganisha mabehewa. Yeye huingia kati ya magari mawili yanayokaribiana, akimtegemea dereva aelewe ishara ya mkono wake mchana, na ya taa yake usiku. Hapo ndipo uwezo wa injini kusimama na kugeuka papo hapo unapokuwa suala la uhai. Mvuke una sifa nzuri upande huu: husukuma pistoni kwa nguvu kubwa hata gurudumu likiwa bado halijazunguka, kwa hiyo dereva anaweza kuanza taratibu sana, akasogeza mzigo mzito sentimita chache tu.

Juma lijalo tutatazama umeme, uliofungwa kwenye reli kati ya Jadotville, ndiyo Likasi, na Tenke mwaka 1952.