Boda ikichemka, pima oili kwanza

Injini ya boda lazima iwe moto. Pikipiki nyingi za 100cc hadi 150cc hapa kwetu hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya chuma ya silinda, na oili ndani hufika nyuzi 80 hadi 110 hivi. Ukiigusa ikakuchoma, hiyo si ugonjwa.

Shida ni ikianza kukosa nguvu mlimani, kugongagonga, au kunuka oili iliyoungua. Simama, zima, iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji: chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.

Ikishapoa, isimamishe wima mahali tambarare upime oili. Injini hizi hubeba kama lita moja tu, kwa hivyo ikipungua kidogo ni nyingi. Wengi hulaumu jua, na kumbe ni oili. Matope kwenye mapezi pia huzuia upepo. Na ukipanda mlima na abiria wawili kwa gia ya kwanza, upepo wenyewe utatoka wapi?

Ukinunua oili, lipa kwa simu badala ya keshi. Ule ujumbe wa malipo una tarehe, usiufute. Ndio utakaokukumbusha ulibadilisha lini. Ukiweka shilingi 50 kwa akiba kila jioni, wiki 3 ni 1,050. Pistoni ikikwama utamlipa fundi, na siku zote hizo boda imelala gereji hujabeba mteja hata mmoja.