Giroud: Straika aliyeomba msamaha kabla ya kufunga

FEBRUARI 19, 2014, Arsenal walikuwa nyumbani Emirates wakicheza na Bayern Munich katika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwenye mechi ya aina hiyo kocha huwa hafichi silaha. Lakini pale mbele Arsene Wenger alimwanzisha Yaya Sanogo, kijana ambaye mashabiki wengi walikuwa hata jina lake hawajalizoea. Olivier Giroud, straika namba moja wa timu, alikuwa benchi. Mesut Ozil akakosa penalti, kipa Wojciech Szczesny akala kadi nyekundu, Arsenal ikalala 2-0, na dakika zote hizo Giroud hakuingia.

Hakuwa majeruhi. Hakuwa na kadi. Sababu ilikuwa imeshazagaa kwenye magazeti ya udaku ya Uingereza zaidi ya wiki moja: usiku wa kuamkia mechi ya Crystal Palace, Februari 2, jamaa alikuwa na mwanamke ambaye si mkewe katika hoteli iliyofikia timu. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto wa kike ambaye hata mwaka alikuwa hajatimiza.

Mastaa wa soka na michepuko si habari mpya, na kwa mchezaji mwingine stori ingeisha na wino wa gazeti la siku hiyo. Kwa Giroud ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Mfaransa huyo hakuwahi kuficha kwamba ni Mkristo. Kwenye mkono wake wa kulia amechora tatuu ya maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 23, kwa Kilatini. Ile ile ya Bwana na mchungaji, ambayo mtoto wa Sunday school anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sasa mtu umejichora Zaburi mkononi, halafu unakutwa na kashfa ya hotelini. Utani unaofuata hapo shabiki wa Bongo hahitaji kusimuliwa.

Mwanzoni alijaribu kukanusha. Hapo alifanya kama wengi wanavyofanya. Baadaye akabadilika, akaandika kwenye mtandao wa Twitter kwamba amekosea. Alishikilia kuwa hakuzini, lakini hakukitumia kipengele hicho kujisafisha. Aliwaomba radhi mkewe, familia, marafiki, kocha, wachezaji wenzake na mashabiki wa Arsenal, akasema kazi iliyo mbele yake ni kuipigania familia na kutafuta msamaha wa mke wake, na kwamba kwa wakati ule mengine yote hayakuwa na uzito.

Angalia mpangilio wa majina hayo. Mke yuko wa kwanza, mashabiki wa mwisho. Wachezaji wengi wakiharibu huwa wanaomba radhi kwa mashabiki na klabu, basi, kwa sababu mashabiki na klabu wanaridhika kirahisi: funga mawili Jumamosi, yameisha. Giroud alianza na yule ambaye mabao hayawezi kumlipa.

Na mabao yenyewe yalikuja haraka. Februari 22, siku 3 tu baada ya Bayern, Wenger alimrudisha kikosini dhidi ya Sunderland. Dakika ya 5 akatupia la kwanza. Dakika ya 31 beki wa Sunderland akarudisha pasi fupi kwa kipa, Giroud akaiwahi, la pili. Arsenal ikashinda 4-1 na Emirates ikaimba jina lake kwa ule mdundo wa Hey Jude waliouzoea. Kwa upande wa jukwaani, kesi ilikuwa imefungwa ndani ya nusu saa.

Nyumbani haikuwa hivyo, wala isingeweza kuwa hivyo.

DAUDI ALIYEANDIKA ZABURI

Kuna jambo moja ambalo waliomcheka kuhusu tatuu yake hawakulifikiria vizuri. Zaburi ya 23 inahesabiwa kuwa ya Daudi. Daudi huyu si yule tu aliyemwangusha Goliathi kwa kombeo. Ni huyo huyo ambaye, akiwa mfalme, alimwona mke wa askari wake akioga, akamchukua, na mimba ilipoingia akapanga mume wa yule mama auawe vitani. Habari hiyo imo kwenye Samweli wa Pili, sura ya 11 na ya 12, na Biblia haikuipaka rangi.

Nabii Nathani alipomwendea hakuanza kwa kumfokea. Alimpa kisa cha tajiri mwenye mifugo tele aliyempora maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka, akataka huyo tajiri auawe. Nathani akamwambia mtu mwenyewe ni wewe. Hapo mfalme angeweza kumkata nabii kichwa na mambo yakaendelea. Hakufanya hivyo. Alikiri. Akaambiwa amesamehewa, lakini pia akaambiwa gharama itabaki, na ilibaki: mtoto akafa, na nyumba yake haikutulia tena.

Kwa hiyo mtu aliyejichora Zaburi hiyo hajajichora cheti cha usafi. Amejichora maneno ya mtu aliyeanguka vibaya, akasimamishwa, na bado akalipa. Wakristo wanaliita jambo hilo neema, na mara nyingi linachanganywa na kufutiwa adhabu. Wenger, ambaye hakuwa akihubiri, alifanya kitu kinachofanana na hicho: alimweka benchi kwenye mechi kubwa kuliko zote za msimu, kisha akampa jezi yake Jumamosi.

Dhambi ya Daudi na kosa la Giroud hazilingani kwa uzito, hilo liwe wazi. Kinachofanana ni kile kitendo cha kuacha kujitetea.

PASI ZA MTU MWINGINE KUFUNGA

Ukiitazama miaka iliyofuata, utagundua Giroud alijenga jina lake kwa kazi ambazo washambuliaji wengi hawazipendi.

Mei 17, 2014, miezi 3 tu baada ya kashfa, fainali ya Kombe la FA dhidi ya Hull City. Arsenal ilikuwa haijabeba kombe lolote tangu 2005, na Hull walianza kwa kuongoza 2-0. Mchezo ukaenda dakika 30 za nyongeza ukiwa 2-2. Dakika ya 109 mpira ukamfikia Giroud akiwa amelipa goli mgongo. Akaugusa kwa kisigino, Aaron Ramsey akapita na kuuweka wavuni. Gunners wote wanalikumbuka bao la Ramsey. Wachache wanakumbuka kile kisigino.

Miaka 3 baadaye, fainali nyingine ya FA, safari hii dhidi ya Chelsea. Giroud anatokea benchi, hata jasho hajatoa, anapiga krosi, Ramsey anafunga kwa kichwa, 2-1, kombe. Mtu anatoka benchi kuja kumpa mwenzake sifa!

Januari 1, 2017 ndiyo siku aliyofunga lile bao la nge, mpira ukiwa nyuma yake na kisigino kikiwa juu ya kichwa, ukagonga mwamba na kuzama. Lilimpa tuzo ya Puskas. Waliofungwa walikuwa Crystal Palace, hapo hapo Emirates, timu ile ile na uwanja ule ule wa mechi iliyomtia aibu mwaka 2014. Soka lina vituko vyake.

Timu ya taifa ndiko alikoonja dharau zaidi. Karim Benzema alikuwa nje ya kikosi, na sehemu ya mashabiki wa Ufaransa walimwona Giroud kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Mei 30, 2016, mjini Nantes, mechi ya kirafiki dhidi ya Cameroon kuelekea Euro iliyokuwa inafanyika kwao wenyewe, alizomewa na watu wa nchi yake. Alifunga siku hiyo, Ufaransa ikashinda 3-2, na miluzi haikukoma.

Mwaka 2018 nchini Urusi alibeba Kombe la Dunia bila kupiga shuti hata moja lililolenga goli katika mashindano mazima. Straika wa mabingwa wa dunia! Alikejeliwa sana. Lakini Didier Deschamps hakumtoa, kwa sababu Giroud ndiye aliyekuwa akipigana vikumbo na mabeki wa kati ili Kylian Mbappe na Antoine Griezmann wapate nafasi ya kukimbia. Mwaka 2020 Benzema akamlinganisha na gari dogo la mashindano ya watoto, akijiita yeye gari la Formula 1. Giroud alijibu baadaye kwa utani kwamba sawa, lakini yeye ni bingwa wa dunia wa hayo magari madogo. Hakugombana.

Halafu yule wa magari madogo akaenda kuvunja rekodi. Desemba 4, 2022 huko Qatar, dhidi ya Poland, Mbappe akampa pasi kabla ya mapumziko, akafunga bao la 52 na kumpita Thierry Henry kama mfungaji bora wa muda wote wa Ufaransa. Siku 6 baadaye akaitoa England robo fainali kwa kichwa. Alipostaafu timu ya taifa baada ya Euro 2024 alikuwa na mabao 57.

Asije mtu akadhani jamaa aligeuka malaika. Fainali ya Qatar dhidi ya Argentina alitolewa kabla hata ya mapumziko, na sura yake ilionyesha wazi kwamba hakupenda. Akala kadi ya njano akiwa benchi, tayari ametolewa! Umri miaka 36, Zaburi mkononi, na hasira bado zipo.

MABAO SI RISITI

Hapa ndipo mashabiki wengi, hasa wale wa kanisani, huisoma vibaya hadithi ya Giroud. Wanasema: ametubu, ndiyo maana Mungu amempa Kombe la Dunia 2018, Ligi ya Mabingwa na Chelsea 2021, ubingwa wa Italia na AC Milan 2022. Ni hesabu tamu, ila haikai. Kuna wachezaji wamefanya mabaya makubwa kuliko yake, hawajawahi kuomba radhi kwa mtu yeyote, na kabati zao zimejaa medali. Na wako wachezaji waaminifu kwa wake zao miaka 20 ambao hawajawahi kuvuka daraja la pili. Kama kombe lingekuwa risiti ya toba, ligi zote zingekuwa na wachungaji watupu.

Kilichobadilika kwa Giroud, kwa anayetazama kutoka nje, ni namna ya kubeba kuangushwa. Mechi moja inatosha kuonyesha. Aprili 18, 2023, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Milan wako ugenini kwa Napoli. Ndani ya nusu saa ya kwanza Milan wanapata penalti, Giroud anapiga, kipa Alex Meret anaipangua. Uwanja mzima unamzomea. Straika mwingine hapo angeanza kuukimbia mpira. Yeye aliendelea kuuomba. Dakika ya 43 Rafael Leao akachukua mpira mbali kabisa, akakimbia nao, akawapita watu, na alipofika kwenye boksi akamkuta mzee wa miaka 36 ameshafika mbele ya goli. Akagusa tu. Milan ikatinga nusu fainali.

Alipokuwa Italia alizungumza kuhusu imani yake bila aibu, na waandishi wa huko walimuuliza sana. Angeweza kunyamaza tangu 2014, maana mtu aliyewahi kuumbuka huwa anaogopa kutaja jina la Mungu hadharani asije akakumbushwa. Wengi hunyamaza hapo. Wengine huacha hata kwenda kanisani, si kwa kuwa wameacha kuamini, bali kwa kuogopa macho ya waliokaa benchi la nyuma. Na wakati mwingine macho hayo kweli yapo. Kanisa linaloimba neema kila Jumapili linaweza kuwa gumu kuliko Wenger, ambaye alimaliza adhabu yake ndani ya wiki moja.

Kuhusu msamaha aliosema anautafuta kwa mkewe, hilo lilikuwa lao wawili na halina takwimu. Hakuna kamera iliyokuwa ndani wakati wanaongea, na hakuna mtu wa nje anayejua ilichukua miezi mingapi, au nani alilia, au nani alitaka kuondoka. Kinachojulikana ni kidogo tu. Mwaka 2014 walikuwa na mtoto mmoja. Ndoa ni ile ile, na watoto sasa ni wanne.