Kompyuta ipo, monita hakuna: TV ya sebuleni inaweza kufanya kazi hiyo?

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita, akakusanya vihela vyake, akanunua kompyuta ya mezani ya mtumba. Alipata CPU, kibodi na mausi. Hela ya monita haikutosha. Akaniuliza swali ambalo nahisi hata wewe umeshawahi kujiuliza: "Dada, si kuna TV sebuleni? Kwa nini nisichomeke hapo tu?"

Jibu fupi ni ndiyo, chomeka. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike makala hii, maana siku tatu za mwanzo alitaka kuirudisha kompyuta dukani akidhani ameuziwa mbovu. Maandishi yalikuwa na ukungu. Kitufe cha Start kilikuwa hakionekani. Kwenye gemu ya mpira, akibonyeza shuti, mchezaji anapiga wakati ameshanyang'anywa zamani.

Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa setingi za TV.

TV ina mambo yake

Kwa nje TV na monita ni kioo kilekile, lakini kila moja imetengenezwa kwa kazi yake. Monita inapokea picha na kuionyesha kama ilivyo, haraka, kwa mtu aliyekaa umbali wa mkono mmoja. TV inategemea kwamba umekaa kwenye kochi mita mbili au tatu, unaangalia mpira au tamthilia. Kwa hiyo kila picha inayoingia inaipitisha "saluni" kwanza: inaongeza rangi, inanoa kingo, inalainisha mwendo. Kwa filamu ni sawa. Kwa kompyuta ndipo matatizo yanapoanzia.

Kuunganisha kwenyewe si kazi. Waya wa HDMI unatosha, na unabeba sauti pia, hivyo huhitaji spika za pembeni. Ukishachomeka, bonyeza Source au Input kwenye rimoti na uchague tundu ulilotumia. Kama ni kompyuta mpakato yenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague unataka picha itokee wapi. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI. Usiogope, kuna adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Kuwa makini wakati wa kununua, kwa sababu nyingi zinafanya kazi upande mmoja tu. Mwambie muuzaji kwamba kompyuta ndiyo yenye DisplayPort na TV ndiyo yenye HDMI.

Kingo za picha zimeliwa

Kitufe cha Start hakikupotea. TV ilikuwa imekuza picha kidogo na kukata pembe zote nne. Ni tabia iliyorithiwa kutoka enzi za TV za chogo, ambazo kingo za picha zake zilikuwa hazitulii, kwa hiyo zilifichwa nyuma ya fremu. TV bapa hazina shida hiyo, lakini nyingi bado zinakata.

Nenda kwenye setingi za picha, sehemu ya ukubwa wa picha. Kwenye LG tafuta "Just Scan", kwenye Samsung "Screen Fit" au "Fit to Screen", kwenye Sony "Full Pixel". Ukibadilisha hapo, picha yote inarudi.

Kwa nini unafungwa magoli ya kizembe

Hapa ndipo wachezaji wa gemu wanapoumia, na wengi wanailaumu pedi au intaneti.

TV ya kawaida inaonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha inakaa kama milisekunde 17. Ule urembaji niliousema unachukua muda. Kwenye baadhi ya TV, kuanzia picha inapoingia mpaka unapoiona, zinapita milisekunde 100 au zaidi. Hiyo ni sawa na picha sita. Wewe unaona mpira uko mguuni, kumbe kwenye gemu yenyewe beki ameshaondoka nao.

Dawa yake ni "Game Mode". Ukiiwasha, TV inaacha urembaji mwingi na kuitoa picha haraka. TV nyingi za miaka ya karibuni zinashuka hadi chini ya milisekunde 20. Mdogo wangu aliiwasha akazungusha mausi mara mbili, akanigeukia: "Kumbe!" Na wewe unaweza kupima hivyohivyo. Zungusha mausi kwenye duara. Ukihisi mshale unajivuta kama unatembea kwenye matope, Game Mode haijawashwa. Kama TV yako haina Game Mode, zima kwa mkono kila kitu kinachohusu kulainisha mwendo na kupunguza chengachenga.

Jambo moja kuhusu Hz. Boksi linaweza kuandikwa "Motion Rate" na namba kubwa ya kuvutia, lakini hiyo mara nyingi ni lugha ya sokoni, kioo chenyewe ni Hz 60. Kwa gemu za mpira na magari Hz 60 inatosha sana. Wanaocheza za kurushiana risasi kwa ushindani ndio wanaohitaji Hz 120 na kuendelea, na hao kwa kweli ni bora wanunue monita.

Maandishi yenye ukungu

Kwa upande wa kazi, hili ndilo kubwa. Mdogo wangu hakununua kompyuta kwa ajili ya gemu peke yake (ingawa ukimkuta jioni hutaamini). Anajifunza usanifu wa matangazo na mabango ili aanze kutafuta kazi ndogondogo. Mtu wa namna hiyo akishindwa kusoma herufi ndogo, au rangi zikimdanganya, hasara ni yake na ya mteja wake.

Fanya hesabu. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768. Ukizitandaza kwenye kioo hicho unapata pikseli kama 49 kwa kila inchi. Monita ya inchi 24 ya Full HD ina karibu 92. Yaani kwenye TV ile kila kinukta ni kikubwa karibu mara mbili, na ukikaa karibu unakiona kwa macho. Hakuna setingi itakayobadilisha hilo. Kitakachokusaidia ni kusogea nyuma.

TV ya 4K ni habari nyingine. Ya inchi 43 ina pikseli kama 102 kwa inchi, inaizidi hata ile monita. Lakini usikimbilie kuweka 4K kama kompyuta yako ni ya zamani. HDMI ya toleo la 1.4 inatoa 4K kwa Hz 30 tu, na hapo mausi itakukera siku nzima. Weka 1080 kwa Hz 60, uishi kwa amani. Hz 60 kwenye 4K zinataka HDMI 2.0, na kwenye baadhi ya TV ni lazima uiruhusu kwanza: Samsung wanaiita "Input Signal Plus", LG "HDMI Ultra HD Deep Colour".

Kuna ukungu mwingine usiotokana na pikseli. Ili kupunguza mzigo, TV nyingi zinabana taarifa za rangi, pikseli kadhaa zinagawana rangi moja. Kwenye filamu huwezi kugundua. Andika herufi nyekundu juu ya bluu ndipo utaona zinavyochafuka. Suluhisho lake linashangaza kwa urahisi: ingia kwenye orodha ya matundu ya HDMI, badilisha jina la tundu lako liwe "PC". Kwenye Samsung na LG nyingi, jina hilo linaiambia TV iache kubana rangi. Kisha shusha "Sharpness", kwenye TV nyingi hadi sifuri au karibu na hapo, uondoke kwenye picha ya "Vivid" au "Dynamic". Macho yako yatashukuru, maana mwanga ule ulipangwa kwa mtu wa kwenye kochi.

Kama TV ni OLED, usiache picha moja bila kusogea kutwa nzima, kwa sababu ule mstari wa chini wa Windows unaweza kuacha alama ya kudumu. Kwenye LED za kawaida hofu hiyo ni ndogo sana.

Umeme na mwenye rimoti

TV kubwa inakula umeme zaidi ya monita ndogo. Geuza nyuma usome namba ya W: chombo cha W 100 kikiwaka saa kumi kinamaliza uniti moja. Kama wewe ndiye unayenunua LUKU, hesabu hiyo unaijua.

Na huna kompyuta kabisa? Baadhi ya Samsung Galaxy, kuanzia S8 ya mwaka 2017 na nyingi za daraja la juu zilizofuata, zina DeX: unaiunganisha simu na TV kwa adapta ya USB-C kwenda HDMI, unapata mezani kama ya kompyuta. Kwa kuandika barua ya maombi ya kazi inatosha kabisa.

Mdogo wangu bado yuko kwenye TV. Gemu anacheza vizuri, masomo ya video anaona vizuri, ila kazi za mabango anazikagua tena kwenye simu kabla ya kumtumia mtu, kwa sababu haziamini rangi za ile TV. Anadunduliza apate monita ya mtumba. Si kwa sababu ya pikseli wala milisekunde: saa mbili kamili usiku taarifa ya habari inaanza, na mama hana Game Mode.