MUZIKI WA BAROKI: TUUSIKILIZE KUTOKA CHINI



Sisi vijana kila muziki wenye violoni na ogani tunautia katika gunia moja, tunaliandika «klasiki», kisha tunalifunga: ile ni muziki ya bazungu, muziki ya kulala. Leo napenda tulifungue hilo gunia na kutoa kitu kimoja tu ndani yake, muziki wa baroki. Mimi sikusoma muziki. Nilisoma uchumi, na Jumapili ninaimba besi katika kwaya. Njo maana nitaueleza kutoka pale ninaposimama, kwa sauti ya chini. Na kwa bahati nzuri, katika baroki sauti ya chini njo mulango wa nyumba yote.

1. NI MUZIKI WA MIAKA GANI?

Kwa kawaida wanahesabu kuanzia karibu mwaka 1600 hadi 1750, mwaka aliokufa Johann Sebastian Bach. Watu wa wakati ule hawakujiita watu wa baroki. Neno lenyewe linafuatwa hadi kwa Kireno, barroco, lulu iliyopinda, isiyo mviringo safi. Mwaka 1733 Mfaransa Rameau alitoa opera yake ya kwanza huko Paris, na mwaka uliofuata muandishi mmoja akaitukana katika gazeti kwa neno hilo: mambo mingi, kelele mingi, kila kitu kimepindapinda. Baadaye sana wanahistoria wakalichukua lile tusi wakalifanya jina la kipindi kizima.

Ili tusipotee, tuweke tarehe zetu pembeni. Mwaka 1607 Monteverdi anaonyesha opera yake L'Orfeo huko Mantua. Malkia Njinga anakufa mwaka 1663. Mwaka 1665 mfalme António wa Kwanza wa Kongo anaanguka katika vita ya Mbwila. Kimpa Vita anachomwa moto mwaka 1706, na mwaka huohuo Bach ni kijana wa miaka 21, mpiga ogani katika muji mdogo wa Arnstadt. Shuleni vitu hivi tunavisoma katika vitabu viwili tofauti. Lakini ni miaka ileile, na mbele tutaona kwamba ni dunia ileile pia.

2. BESI INAYOENDELEA

Kabla ya 1600, muziki mukubwa wa kanisa ulikuwa na sauti nne, tano au zaidi, na zote zilikuwa sawa kwa cheo. Zilifukuzana, zilisukana kama mukeka. Ilikuwa nzuri sana, lakini maneno yalipotea. Huko Firenze, Italia, wasomi na wanamuziki wakauliza: kama wimbo unasema habari ya huzuni, juu ya nini msikilizaji asisikie maneno ya huzuni?

Jibu lao lilikuwa hili. Juu, sauti moja inaimba maneno waziwazi. Chini kabisa, besi inatembea bila kusimama. Katikati, mtunzi haandiki kila kitu. Anaandika nota za besi na namba ndogondogo, na mpigaji anajaza mwenyewe. Waitaliano wanaita basso continuo, besi inayoendelea.

Namba zile zinafanya kazi gani? Tuseme besi iko kwa do, na pale mtunzi ameandika 6. Mpigaji anahesabu sita kuanzia do: do, re, mi, fa, sol, la. Basi atapiga la, na katikati ataongeza mi. Kama hakuna namba, atapiga akordi ya kawaida, do-mi-sol. Hayo ni macho yake. Vidole vyake vinaamua mambo mengine: akordi ikae wapi, iwe nzito ao nyepesi, aipige kwa pigo moja ao aitawanye. Kwa kawaida wanakuwa wawili: mmoja anashika mustari wa besi kwa violonseli, mwingine anajaza akordi kwa klavesini, ogani ao luti.

Kwa hiyo ile picha ya kwamba «muziki ya bazungu yote imeandikwa, haina uhuru» si ya kweli kwa baroki. Mpiga gita wa kwaya anayepewa maneno ya wimbo na majina ya akordi tu, kisha anajaza mwenyewe, yeye na mpiga klavesini wa 1650 wangeelewana haraka.

Mara nyingine besi inarudi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake mambo yanabadilika. Katika Canon ya Pachelbel, ile inayopigwa kwa harusi sehemu nyingi za dunia, besi ina nota nane tu na inarudiwa mara 28. Juu yake violoni tatu zinafuatana kwa wimbo mmoja, kila moja ikianza nyuma ya mwenzake. Katika Dido and Aeneas ya Muingereza Purcell, malkia anayekaribia kufa anaimba juu ya besi inayoshuka nusu toni kwa nusu toni, ikifika chini inaanza tena. Yeye analalamika, besi haimsikilizi. Mtu aliyezoea sebene, pale gita moja inaporudia jambo lake na zingine zinacheza juu yake, sikio lake limeshajiandaa kwa hii kazi.

3. ALAMA ZINGINE ZA KUTAMBUA

Ya kwanza ni upinzani. Kikundi kidogo kinajibishana na kikundi kikubwa, sauti moja na kwaya nzima. Klavesini haiwezi kuongeza sauti polepole kama piano, kwa hiyo mara nyingi unasikia ngazi: nguvu, kisha taratibu, kama mlango umefungwa ghafla.

Ya pili ni kwamba sehemu moja mara nyingi inabeba hisia moja. Kama ni furaha, ni furaha hadi mwisho. Kama ni hasira, ni hasira. Mtunzi alifanya kazi kama muhubiri ao avoka: achague hisia moja, aigonge mpaka iingie.

Ya tatu ni mapambo. Muimbaji wa aria anaimba sehemu A, kisha B, kisha anarudia A. Kurudia si kunakili. Pale njo anaonyesha anaweza kuongeza nini yeye mwenyewe.

Ya ine ni dansi. Hata muziki wa kukaa na kusikiliza umejengwa mara nyingi kwa miguu ya wachezaji. Suiti ya baroki ni mfululizo wa dansi: allemande, courante, sarabande, gigue.

4. MITINDO MIKUBWA

Italia ni nchi ya kuimba na ya violoni. Opera ilizaliwa pale, mwanzo kwa wakubwa tu. Lakini mwaka 1637 Venezia ilifungua jumba la opera ambalo mtu yeyote mwenye pesa ya tiketi aliweza kuingia. Corelli aliweka kanuni za sonata na za konserto ya vikundi viwili. Vivaldi alitunga konserto karibu 500, nyingi kwa ajili ya wasichana wa Ospedale della Pietà huko Venezia, nyumba ya kulea watoto walioachwa. Wasichana hao walipiga vizuri mpaka wageni wa Ulaya nzima walikuja kuwasikiliza. Muundo wake ni rahisi kufuata: wote wanapiga kibwagizo, mmoja anatoka peke yake, kibwagizo kinarudi. Le quattro stagioni, Majira Manne, ilichapishwa mwaka 1725. Katika Majira ya Baridi utasikia violoni zikidonoa nyuzi kuigiza matone ya mvua.

Ufaransa ni nchi ya dansi na ya mfalme. Mwaka 1653 Louis wa 14, kijana wa miaka 14, alicheza mwenyewe jukwaani akivaa kama jua. Bwana wa muziki wake baadaye, Lully, alizaliwa Firenze. Ule mtindo tunaouita wa Kifaransa ulijengwa na mtoto wa Italia! Alama yake ni ufunguzi wa opera: mwanzo mzito wa hatua za kifalme, kisha sehemu ya mbio. Lully alikuwa anaongoza kwa kugonga fimbo kubwa chini. Siku moja akajigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa mwaka 1687. Mfaransa mwingine, Couperin, aliandika mapambo yake kwa alama za wazi ili mpigaji asiongeze ovyo. Italia inakuachia uhuru, Ufaransa inakuonyesha adabu.

Ujerumani ni nchi ya ogani, ya nyimbo za kanisa la Kiluteri na ya fuga. Katika fuga, sauti moja inatoa neno peke yake. Ya pili inaingia na neno lilelile juu zaidi ao chini zaidi, huku ya kwanza ikiendelea na mambo mengine. Kisha ya tatu, ya ine. Ni kama mkutano ambapo wote wanasema jambo moja kwa zamu bila kunyamazishana. Bach alipokuwa na miaka 20 aliomba ruhusa ya wiki nne, akaenda Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude. Inasemwa alitembea kwa miguu, safari ya karibu kilometa 400. Alikaa karibu miezi mine, na aliporudi wakubwa wa kanisa wakamuita ajieleze. Mwaka 1735 alichapisha kitabu kimoja chenye kazi mbili tu: konserto ya mtindo wa Italia na suiti ya mtindo wa Ufaransa. Yeye hakufika Italia wala Ufaransa, lakini alisoma mitindo ya wengine mpaka akaweza kuitunga.

Uingereza ilikuwa na Purcell, kisha ikampata Händel, aliyezaliwa Halle mwaka 1685, mwaka mmoja na Bach. Alisoma Italia, akaishi London. Opera ilipoanza kumlisha hasara, akageukia oratorio: habari ya Biblia, kwaya kubwa, bila mavazi ya jukwaani. Messiah aliitunga mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, na mara ya kwanza iliimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Faida ilienda kwa hospitali na kwa kutoa watu waliofungwa sababu ya madeni. «Alleluia» ya mule ndani wanakwaya wengi tunaijua hata kama jina la mtunzi hatulijui.

5. UPANDE AMBAO HAUSEMWI SANA

Sasa turudi kwa zile tarehe zetu. Sarabande na chaconne, dansi mbili kubwa za baroki, zinaonekana kwanza katika maandishi ya dunia ya Kispania, na watu wa wakati ule walisema zilitoka makoloni ya Amerika. Zilikuwa dansi za mtaani, za moto. Hispania ilipiga marufuku sarabande mwaka 1583 kwa kuwa ni ya aibu. Miaka mia moja nyuma yake, dansi hiyohiyo ilikuwa imepunguzwa mwendo, imevishwa nguo za kifalme, na inachezwa kwa heshima Versailles. Katika kila suiti sita za Bach kwa violonseli kuna sarabande, na njo pahali pa utulivu zaidi.

Ile Amerika iliyotoa dansi ilikuwa pia Amerika ya watumwa, na katika karne ile pwani za Loango na za Angola zilipoteza watu wengi sana. Mwaka 1713 kampuni ya Kiingereza, South Sea Company, ilipata haki ya kupeleka watumwa wa Afrika katika makoloni ya Hispania. Händel mwenyewe alikuwa na hisa katika kampuni hiyo. Sisemi kwamba kila nota yake ilinunuliwa kwa damu. Lakini mtu anayefundisha baroki kama muziki wa majumba ya dhahabu tu, bila kuuliza dhahabu ilitoka wapi, anafundisha nusu.

Je, tuache basi kuusikiliza? Mimi nasema hapana. Kusema «hii si yetu» ni kuwaachia wengine hata ile sehemu iliyotoka kwa watu wa mtaani wa Amerika. Huko Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, imeonyesha kwamba Mkongomani anaweza kushika violoni bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tusikilize, na tujue historia yote.

6. ANZA HIVI

Usipoteze mega zako kwa orodha ndefu. Tafuta hizi tano, kwa mpangilio huu:

- Canon ya Pachelbel. Hesabu nota nane za besi tu, usifuate violoni.
- Majira ya Baridi ya Vivaldi. Kila kibwagizo kinaporudi, inua kidole.
- Malalamiko ya Dido, ya Purcell. Fuata besi inavyoshuka.
- Konserto ya tano ya Brandenburg, ya Bach. Katika sehemu ya kwanza klavesini, iliyozoea kujaza nyuma ya wengine, inabaki peke yake na kuchukua neno kwa muda mrefu.
- Chaconne ya Bach kwa violoni moja, kutoka Partita ya pili. Karibu robo saa, violoni moja tu, na hakuna mtu wa besi. Sikiliza vizuri: ile besi iko. Bach ameificha ndani ya violoni, na sikio lako linaijaza lenyewe.

Weka ekuta masikioni, maana kipaza sauti kidogo cha simu kinakata sauti za chini, na bila hizo utasikia violoni tu. Ukifika kwa ile ya tano na ukaipata besi, umeshajua kusikiliza baroki.