Kuhara Kumepungua Kijijini: Je, ni Chemchemi Yetu?



Katika toleo hili tunataka tuzungumze juu ya neno moja tunalolipenda sana katika ripoti zetu. Neno lenyewe ni "kumepungua". Kikundi kikishajengea chemchemi kwa simiti na kutia bomba, mwaka ukiisha katibu anaandika hivi: "Ugonjwa wa kuhara umepungua kwa sababu ya chemchemi yetu." Wanachama wanapiga makofi. Wafadhili nao wanafurahi. Hata sisi tumewahi kuandika hivyo.

Lakini ngoja kidogo. Sentensi hiyo imebeba mambo mawili. La kwanza, ati kuhara kumepungua. La pili, ati chemchemi ndiyo iliyokupunguza. La kwanza linaweza kuwa kweli na la pili likawa si kweli. Tena hata hilo la kwanza linataka kupimwa.

Mtu atauliza: haya yatuhusu nini, bora watoto ni wazima? Yanatuhusu kwa sababu pesa za kikundi ni chache. Tukimshukuru asiyetuponya, mwaka ujao tutampa pesa yeye tena, na yule anayeponya watoto wetu kweli tutamsahau. Hapo mtoto wa mtu ndiye anayeumia.

KWANZA: JE, KUMEPUNGUA KWELI?

Wengi wetu tukitaka kujua, tunakwenda zahanati kuangalia daftari. Daftari ni kitu kizuri, lakini linahesabu watu waliofika mlangoni tu. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia mwezi wa Juni hadi Novemba. Ukifungua madaftari ya miezi hiyo, unaweza kukuta wagonjwa wachache sana. Je, watoto walikuwa wazima? La. Hakukuwa na mtu wa kuwaandika. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, watu wengi waliogopa kwenda hospitali, na hesabu zikashuka tena.

Mambo huenda kinyume vilevile. Mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Ada ikiondolewa, foleni hurefuka hata kama ugonjwa haujaongezeka.

Kwa hivyo, zaidi ya daftari la zahanati, afadhali kikundi kiende nyumba kwa nyumba. Mkifanya hivyo, shikeni mambo manne.

1. Kubalianeni kuhara ni nini. Shirika la Afya Duniani linasema ni kupata choo chepesi au cha majimaji mara tatu au zaidi katika siku moja. Choo laini cha mtoto mchanga anayenyonya hakihesabiwi. Ulizeni juu ya siku 7 zilizopita tu. Mama ukimuuliza mambo ya miezi mitatu iliyopita, atasahau, na hilo si kosa lake.

2. Hesabuni watoto wote, wagonjwa na wazima. Tuchukue mfano. Mwaka jana mlikuta watoto 12 walioharisha. Mwaka huu mmekuta 10. Mnasema kumepungua, siyo? Lakini ikiwa mwaka jana mlitembelea watoto 48, basi wagonjwa walikuwa robo. Na ikiwa mwaka huu mmetembelea watoto 30 tu, kwa sababu jamaa wengine wamehama, basi wagonjwa ni theluthi. Kumbe kuhara kumeongezeka!

3. Pimeni msimu ule ule. Mkipima mwezi wa Aprili wakati wa mvua za masika, mkarudi mwezi wa Januari wakati wa kiangazi, mtakuwa mmepima mvua na kiangazi, si kazi ya kikundi.

4. Msitegemee hesabu ndogo. Rusha sarafu mara 10. Unaweza kupata kichwa mara 7 bila sababu yoyote. Watoto 20 ni kama kurusha sarafu mara chache: mmoja au wawili wakizidi au wakipungua, hiyo inaweza kuwa bahati tu. Vikundi vya jirani vikiunganisha hesabu zao, picha inaonekana vizuri zaidi.

PILI: NI NANI ALIYEPUNGUZA?

Haya, tuseme mmepima vizuri na kuhara kumepungua kweli. Je, ni chemchemi? Kumbukeni kwamba mwezi wa Julai 2014 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya virusi vya rota, yale matone ya kinywani. Virusi hivyo ni sababu kubwa ya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Kikundi kilichojengea chemchemi yake mwaka ule ule kingeweza kujisifu kwa kazi iliyofanywa na chanjo. Bado kuna vyoo vipya, mavuno mazuri, na mafunzo ya kunawa mikono.

Njia ya kutenganisha mambo haya ni kulinganisha. Tafuteni nyumba za jirani ambazo hazichoti kwenye chemchemi yenu, mzipime pia, mwanzo na mwisho. Mfano: katika nyumba zenu, wagonjwa walikuwa 20 kwa kila watoto 100, sasa ni 12. Wamepungua 8. Katika zile nyumba nyingine walikuwa 20, sasa ni 14. Wamepungua 6, na chemchemi hawana! Basi zile 6 zimeletwa na jambo lililowafikia wote, labda chanjo au hali ya hewa. Chemchemi yenu inaweza kudai 2 tu.

Lakini hata hapo kuna mtego. Mara nyingi kijiji kinachojengea chemchemi mapema ndicho chenye watu wa bidii, ambao tayari wananawa mikono na wana vyoo. Tukikilinganisha na kijiji kilicholegea, tunapima bidii ya watu pamoja na chemchemi.

Watafiti waliofanya kazi huku kwetu walitatua jambo hili kwa kupiga kura. Kuanzia mwaka wa 2004, shirika la ICS pamoja na watafiti, mmoja wao akiwa Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walichagua chemchemi karibu 200 katika wilaya za wakati huo za Busia na Butere-Mumias. Butere na Mumias leo ziko ndani ya Kaunti ya Kakamega. Chemchemi zote hazingeweza kujengewa mwaka mmoja, kwa hivyo kura ikaamua ni zipi zitangulie na zipi zingoje. Hapo hakuna upendeleo. Walio na bidii na wasio na bidii wamechanganyika pande zote mbili, na tofauti itakayoonekana inaweza kuitwa kazi ya chemchemi.

FUATENI MAJI MPAKA KWENYE KIKOMBE

Matokeo yake ni ya kutufundisha sana. Walipopima maji kwenye chemchemi, bakteria wa kinyesi (E. coli) walikuwa wamepungua kwa asilimia 66. Kazi nzuri! Lakini walipopima maji yaliyowekwa nyumbani, walikuwa wamepungua kwa asilimia 24 tu. Maji yalitoka bombani yakiwa safi, yakachafuka tena njiani na nyumbani. Fikirieni mtungi usiooshwa, kikombe kinachochovywa na kila mkono, chombo kisicho na kifuniko. Hata hivyo kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo.

Mnaona? Kikundi kingepima chemchemi peke yake kingesema, "Tumemaliza kazi." Kikipima nyumbani, kinajua kwamba shilingi inayofuata iende kwenye mitungi yenye mifuniko na dawa ya maji, si kwenye simiti zaidi.

NA KUSIPOPUNGUA JE?

Utafiti mwingine mkubwa, uitwao WASH Benefits, ulifanyika Kakamega, Bungoma na Vihiga kuanzia mwaka 2012, ukiwa na akina mama wajawazito zaidi ya 8,000. Hapo pia vijiji viligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dawa ya klorini ya maji, wengine vyoo bora, wengine mahali pa kunawia mikono, na wengine yote matatu pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyopunguza kuhara kwa watoto kama mama walivyoeleza.

Je, tutupe klorini? Polepole. Watafiti walipopima maji ya nyumbani, waliona kwamba kufikia mwaka wa pili nyumba zilizokuwa na klorini kwenye maji zilikuwa zimepungua sana. Dawa iliyokaa kwenye chupa haiponyi mtu. Tena, walipochunguza choo cha watoto kwa darubini, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika nyumba zilizopewa dawa ya maji, minyoo mikubwa ya mviringo ilikuwa imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Darubini iliona jambo ambalo maswali ya kuhara hayakuliona.

Kwa hivyo kikundi kikikuta kuhara hakukupungua, kisivunjike moyo wala kuficha hesabu. Kiulize: je, watu walitumia kile tulichowapa? Na je, tulipima kitu kinachofaa? Ripoti inayosema "hakukupungua" inaweza kuokoa pesa za vikundi kumi vingine.

TUANDIKE VIPI SASA?

Badala ya ile sentensi ya zamani, katibu anaweza kuandika hivi: "Mwezi wa Mei mwaka jana tuliuliza nyumba zote. Watoto 20 kwa 100 walikuwa wameharisha katika siku 7. Mwezi wa Mei mwaka huu ni 12. Kwa majirani wasiotumia chemchemi yetu, walitoka 20 wakafika 14. Tunadhani chemchemi imesaidia kidogo. Maji ya nyumbani bado tunataka kuyashughulikia." Sentensi hizo hazipigiwi makofi sana, lakini mfadhili mwenye akili ataziamini, na ninyi wenyewe mtajua la kufanya kesho.

Neno la mwisho. Hesabu isichelewesha msaada. Mkimkuta mtoto anaharisha, wekeni kalamu chini kwanza. Apewe ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya na kula, na akiwa amelegea, macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo, apelekwe hospitali mara moja. Halafu ndipo mumwandike.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ripoti yetu ya mwisho ilisema nini kimepungua? Tulihesabu wote, au wagonjwa peke yao?
2. Ni nani jirani tunayeweza kujilinganisha naye, na tutamwomba ruhusa vipi?
3. Maji yetu yanachafuka wapi kati ya bomba na kikombe?
4. Shilingi yetu inayofuata iende wapi?